MKULIMA AKIUGUA, NANI ATAMLIPA?

Ndugu mkulima, jambo hili laulizwa sana katika ofisi za kilimo, ijapokuwa sisi si watu wa hospitali. Mtu huja kwa habari ya mbolea, na kabla hajaondoka huuliza: "Mimi nimejiajiri katika shamba langu. Nikilala hospitali mwezi mzima, Serikali itanilipa nini?"

Jibu ni fupi, wala halifurahishi. Hapa Kenya hakuna fedha ya mkononi anayolipwa mkulima aliyejiajiri kwa siku alizougua. Kilichopo ni malipo ya matibabu, na malipo hayo huenda hospitali, hayaji kwako.

Fikiri habari ya kijana uliyemwajiri kukama ng'ombe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi aliyekaa kazini miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, apewe siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Atakayemlipa ni wewe. Lakini wewe mwenye shamba huna mwajiri, basi huna wa kumdai. Wengine hucheka wakisikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa tutazame matibabu. Bima ya zamani, NHIF, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1966, iliondoka, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pana Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu wote huita SHA. Katika miaka ya mwisho ya NHIF aliyejiajiri alilipa shilingi 500 kila mwezi, awe ana ng'ombe kumi au kuku wawili. SHA haifanyi hivyo. Hukadiria mapato ya nyumba nzima na kutoza asilimia 2.75 ya mapato hayo, ila malipo hayapungui shilingi 300 kwa mwezi.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani, basi mtanivumilia nikiandika hesabu kama ubaoni. Nyumba iliyokadiriwa kupata shilingi 10,000 kwa mwezi, asilimia 2.75 yake ni shilingi 275. Hiyo ni chini ya 300, kwa hiyo italipa 300. Nyumba iliyokadiriwa kupata 20,000 italipa 550. Sasa zidisha kwa 12, maana asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima mbele. Ya kwanza ni shilingi 3,600, ya pili ni shilingi 6,600.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi bila kusikia uchungu. Mkulima naye huahirisha mpaka mtu wa nyumbani azidiwe, kisha hutafuta fedha ya mwaka mzima kwa siku moja, na siku hiyo ndiyo anayouza ndama kwa bei ya hasara. Lakini mkulima huyo huyo hanunui mbolea baada ya mahindi kubeba! Tena hizo 3,600 hazifiki bei ya magunia mawili ya mbolea ya ruzuku, kwa bei ya shilingi 2,500 iliyotangazwa mwaka 2023.

Kwa maoni yangu, mwenye kupeleka maziwa kwa chama cha ushirika asingoje. Aombe chama kimwekee kando shilingi 300 au 550 katika malipo ya kila mwezi, na mwaka wa bima ukikaribia kwisha, fedha iko tayari. Mwenye mahindi atoe mara moja anapouza, kabla ya karo na sherehe kumfikia. Kwa yule asiyeweza kabisa, mwaka 2025 Serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Kumbuka huo ni mkopo, nawe utaurudisha.

Makadirio nayo huleta maneno mengi. Unaulizwa juu ya paa, sakafu, maji, taa na mali uliyo nayo. Basi wengine huficha ng'ombe. Sipendi jambo hilo, lakini nawaelewa: paa la mabati laweza kuwa la miaka mingi, na mfukoni hamna kitu. Jibu kweli, na ukiona umekadiriwa kupita uwezo wako, peleka malalamiko katika ofisi ya SHA mapema, usingoje siku ya kulazwa.

Malipo yako huwafaa bibi yako, au bwana wako, na watoto wenu wanaowategemea. Mama yako mzee aliyeko hapo hapo shambani hayumo. Yeye hapana budi aandikishwe kwa jina lake mwenyewe. Watu wengi wamefikiri kwamba mzee anayepata shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi amekwisha kulipiwa na hospitali pia. Hiyo ni mifuko miwili: Inua Jamii iko chini ya idara ya ulinzi wa jamii, na SHA iko chini ya Wizara ya Afya. Sheria yaruhusu Serikali kuwalipia SHA wasio na uwezo, lakini usikisie kwamba mzee wako yumo. Uliza jina lake.

Zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la 2 na la 3, vina mfuko wao unaolipwa na Serikali. Huko aliyeandikishwa hutibiwa hata kama hajalipa ya mwaka. Ndiyo maana kujiandikisha tu, bila senti moja, kuna faida. Ya mwaka utaihitaji kwa hospitali kubwa, kwa kulazwa na kupasuliwa.

Yabaki shamba lenyewe, ambalo SHA hailijui. Deni la ardhi haliugui, na ng'ombe hawangoji. Yafaa mtu wa pili nyumbani awe na idhini ya kupokea fedha ya maziwa kwa chama, na ajue tarehe ya kulipa deni na dawa ya kila mnyama. Nimeona daftari ambazo mwenyewe peke yake ndiye aliyeweza kuzisoma. Ukiona ugonjwa utakuwa wa muda mrefu, andikia wanaokudai uombe nafasi kabla tarehe haijapita, ukiambatanisha karatasi ya daktari.

Kuandikishwa kwafanywa kwa simu, kwa kubonyeza *147#, au katika hospitali na vituo vya Huduma. Chukua kitambulisho chako na cha mwenzako wa ndoa, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mzee naye aje na chake.