Mgonjwa wa Ini Asife Akingoja

Huko Ubaruku, katika bonde la Usangu, neno kupandikiza halihitaji mwalimu. Mtoto wa miaka saba analifahamu, kwa maana amemwona mama yake akiinama kutwa nzima ndani ya jaruba, maji yakimfika magotini, akichomeka miche ya mpunga. Lakini mwambie mama huyo kwamba siku hizi hata ini la binadamu hupandikizwa, naye atakutazama kwa mshangao. Na akiisha kustaajabu atakuuliza maswali mawili ya haki kabisa. Linapandikizwa wapi? Na mgonjwa afanye nini wakati wa kungoja?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Daktari Thomas Starzl alijaribu kazi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1963 mjini Denver, Marekani, na mpaka mwaka 1967 ndipo alipopata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja. Hapa kwetu madaktari wa Muhimbili, wakisaidiwa na wenzao kutoka India, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hilo ni jambo la kujivunia. Ini, hata hivyo, ni kazi nzito kuliko figo, na wananchi wanaolihitaji aghalabu huvuka bahari kwenda India, ambako ndugu hukatwa sehemu ya ini lake akapewa mgonjwa. Ndugu huyo lazima apatikane, apimwe, damu yake ilingane na ya mgonjwa. Na fedha lazima zichangwe. Yote hayo ni miezi, pengine miaka.

Basi hapo ndipo swali la pili linapouma. Wagonjwa wengi hawauawi na ini lenyewe lililochoka. Huuawa na damu.

Mkulima wa Ubaruku ataelewa habari hii upesi kuliko mtu wa mjini. Damu yote itokayo matumboni na katika wengu hukusanywa na mshipa mmoja mkuu, ikapelekwa katika ini kama maji ya mfereji yapelekwavyo shambani. Ini likijaa makovu, mfereji umeziba. Maji hayakubali kusimama. Yatapanda, yatatafuta njia za kando, yatapasua tuta la jirani. Damu nayo hufanya vivyo hivyo: hupita katika vijimishipa vyembamba vya umio, ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo huo, navyo huvimba na kujikunja kama minyoo. Siku moja kimoja hupasuka. Mtu aliyekula chakula cha jioni na watoto wake hutapika beseni la damu, au hupata choo cheusi kama lami. Katika wagonjwa ambao ini lao limesinyaa, wapatao 15 hadi 20 katika kila 100 hufa ndani ya wiki 6 baada ya mkasa huo, hata penye hospitali nzuri. Sasa mfikirie yule aliyetapika damu usiku wa manane kijijini, naye ana safari ya kwenda Rujewa, kisha pengine barabara ndefu mpaka Mbeya.

Makovu hayo yanatoka wapi? Pombe ina sehemu yake, na katika nyanda zetu za juu, penye ulanzi, komoni na gongo, tusijifanye hatujui. Homa ya ini ya aina ya B ina sehemu kubwa zaidi. Lakini kwa watu wa majaruba yuko adui mwingine, naye ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama katika maji, hukua na kuishi katika mishipa ya matumbo, na mayai yao huchukuliwa na damu hadi katika ini, yakaacha kovu juu ya kovu. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, Mwanza, walitoa habari za wagonjwa 240 waliotokwa damu tumboni, na zaidi ya nusu yao chanzo kilikuwa mishipa hiyo ya umio. Kanda ya Ziwa, bila shaka, ina kichocho kingi. Lakini konokono hasomi ramani, na mfereji wa mpunga ni nyumba anayoipenda.

Jambo hili lina faraja yake, wala halisemwi vya kutosha. Mgonjwa wa kichocho aghalabu ini lake bado linafanya kazi, limezibwa tu. Huyu hahitaji kwenda India wala kuuza ng'ombe wa ukoo. Akizuiwa kutokwa na damu anaweza kuishi miaka mingi na kulima. Na yule ambaye ini lake limekwisha kabisa, naye akizuiliwa damu ataifikia siku ya kupandikizwa akiwa hai. Kinga ya wote wawili ni karibu moja.

Kwanza ni kuchungulia. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera mdomoni mwa mgonjwa, akaitazama mishipa kabla haijapasuka. Akiikuta minene, huifunga kwa vipete vidogo vya mpira, ikanyauka na kuanguka. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa iishe. Pili ni kidonge. Propranololi ilibuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya moyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Daktari Didier Lebrec na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba hupunguza msukumo wa damu katika mshipa ule mkuu na kuzuia damu kutoka tena. Siku hizi, kwa wenye ini lililosinyaa, wataalamu huipendelea zaidi nduguye, kavediloli. Si dawa ya kujinunulia: mwenye pumu haimfai, mwenye tumbo lililojaa maji na presha ya chini huangaliwa sana, na aliyeianza asiiache ghafula kwa sababu tu anajisikia vizuri. Lakini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Hatuna udhuru wa kuikosa katika hospitali ya wilaya.

Tena liko jambo ambalo halidai hata senti moja. Mtu aliyepandikiza mpunga tangu alfajiri huumwa mgongo, naye hukimbilia duka la dawa akameza diklofenaki au aspirini. Kwa mwenye wengu lililovimba au ini bovu, dawa hizo zaweza kuifungulia damu mlango. Aulize kwanza. Na pombe aiache kabisa, kupunguza hakutoshi.

Juu ya kichocho chenyewe, kwa miaka mingi tumegawa prazikwanteli hasa mashuleni. Ni vema. Lakini nani anayesimama majini kutwa, ni mwanafunzi au mzazi wake? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali ambapo watu 10 au zaidi katika 100 wana kichocho, dawa wapewe wote kuanzia umri wa miaka 2, wakulima wazima wakiwamo. Madiwani na viongozi wa matawi katika nchi ya mpunga wanapaswa kuuliza katika vikao vyao ni lini watu wazima wa kata zao walipimwa, na ni lini walipewa dawa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wafanyakazi na wakulima wana haki ya kuuliza kama kipimo cha mpira na vile vipete vya kufungia mishipa vimo katika kitita cha mwananchi wa kawaida, au vimeachwa kwa wenye uwezo. Mgonjwa wa Ubaruku akiambiwa arudi Mbeya baada ya wiki 3, na tena baada ya wiki 3 nyingine, nauli yake ni sehemu ya matibabu sawasawa na kile kipete. Msimu wa kupandikiza ukimkuta hana nauli hiyo, atabaki shambani, na mishipa yake itabaki ilivyo.