Bugwema hadi Dar: Saa za Angani Ndizo Chache

Pima kwenye ramani mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam: utapata takriban kilomita 850. Sasa pima kutoka Musoma. Ni karibu kilomita 850 zilezile. Musoma iko kaskazini zaidi ya Mwanza, lakini pia iko mashariki zaidi, na Dar nayo iko mashariki. Jeti hulimaliza anga hilo kwa saa moja na nusu hivi, pangaboi kwa kama saa mbili.

Kwa mtu wa Bugwema, hesabu hiyo haimfikishi mbali. Yuko Wilaya ya Musoma, lakini miaka nenda rudi watu wa Mara wanaotaka kupanda ndege ya Dar wameifuata Mwanza. Ina maana safari ya kwenda mashariki inaanza kwa kuelekea kusini-magharibi.

Tuseme ndege inaondoka saa nane mchana. Uwanjani uwe umefika saa sita. Kutoka Bunda, unakopandia basi, hadi Mwanza ni kama kilomita 150: unapita lango la Ndabaka la Serengeti, Lamadi, Magu, Kisesa, na basi linashusha na kupakia njia nzima. Ukishuka stendi ya Nyamhongolo, bado unatafuta usafiri wa kukupeleka uwanjani, Ilemela. Kwa hiyo saa mbili asubuhi uwe umeshaondoka Bunda, na Bugwema umetoka alfajiri, kwa bodaboda au gari lolote litakalopatikana. Mvua ikinyesha usiku, hesabu yote inavurugika. Utakuwa na muda wa saa nane njiani kabla gurudumu la ndege halijaacha ardhi.

Najua wengi hupanda basi moja kwa moja hadi Dar, zaidi ya kilomita 1,200, kwa sababu ya nauli. Lakini yupo asiyeweza kukaa kwenye kiti cha basi muda wote huo: mgonjwa aliyepewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mzee wa miaka themanini. Hao ndio wanaoumizwa na mzunguko wa Mwanza kuliko mtalii au mtu wa semina.

Uwanja mkubwa wa Dar umebeba jina la mtoto wa Butiama, Nyerere. Kutoka Butiama hadi uwanja wa Musoma hazizidi kilomita hamsini. Njia ya kurukia ya uwanja huo wa Musoma ilikuwa ya changarawe kwa miaka mingi, na kazi ya kuiwekea lami ndiyo niliyoifuatilia kwa matumaini makubwa kuliko mradi mwingine wowote wa mkoa huu. Lami pekee haitoshi, maana panahitajika ndege yenye ratiba ya kuaminika na nauli ambayo ukoo unaweza kuichangia. Ndege ikiruka Musoma asubuhi, mgonjwa wa Bugwema atakuwa Dar kabla ya saa ambayo leo ndiyo kwanza anashuka Nyamhongolo.