Mwizi Kavunja Swichi ya Pikipiki: Tufanyeje?

Umeamka alfajiri. Unakuta pikipiki yako imeburutwa hadi uani. Swichi ya ufunguo imevunjwa kwa bisibisi. Nyaya zinaning'inia. Mwizi kakimbia, pikipiki kaiacha. Unamshukuru Mungu. Unapiga kiki: kimya. Unapiga tena: kimya.

Wengi wetu hapo hapo huunganisha nyaya kwa kubahatisha ili tuwahi kazi. Ni kweli, pikipiki ndiyo inayopeleka mazao sokoni. Ndiyo inayomfikisha mgonjwa zahanati. Kuchelewa kunauma. Lakini haraka haraka haina baraka. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, usiguse kitu. Mwite mwenyekiti wa kitongoji aje aone. Piga picha kama una simu ya picha. Kisha nenda kituo cha polisi na kadi ya pikipiki. Ukirudi, ndipo uanze matengenezo.

SWICHI INAFANYA KAZI GANI?

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya umeme. Cheche hiyo hutoka kwenye plagi. Bila cheche, petroli haiwaki. Swichi ni kama lango la zizi. Ukizungusha ufunguo, lango linafunguka na cheche inapatikana. Ukizima, lango linafungwa. Sasa, swichi iliyovunjwa inaweza kubaki imefungwa. Kumbe injini ni nzima, ila lango limekwama!

TUKAGUE HIVI

1. Usukani. Zungusha usukani polepole, kushoto hadi mwisho, halafu kulia hadi mwisho. Mwizi huulazimisha ili avunje kufuli lake. Kipande cha chuma kinaweza kubaki ndani. Kikinasa ukiwa barabarani, usukani haukati kona. Hapo ni hatari ya kifo. Kama usukani unakwaruza au unagoma, usiendeshe, hata kama injini inawaka.

2. Petroli. Nusa na utazame chini. Kama petroli inavuja, ziba kwanza. Usiwashe kiberiti wala sigara.

3. Swichi ya kuzimia. Pikipiki nyingine zina swichi ndogo ya kuzimia kwenye usukani. Mwizi akipapasa gizani huweza kuigusa. Irudishe mahali pake. Gia nayo iwe frii.

4. Nyaya. Fungua kwanza waya wa betri wenye alama ya kutoa (-). Sasa fuata nyaya zinazotoka kwenye swichi. Tafuta waya uliokatwa au uliochubuka. Waya uliochubuka ukigusa chuma cha pikipiki, umeme unapotea njia. Kama ni waya mmoja tu uliokatwa, na ncha zake mbili unaziona wazi, ziunge na uzifunge vizuri kwa tepu ya umeme. Kama zimekatwa nyingi na huzielewi, acha. Mwite fundi. Rangi za nyaya si sawa kwa pikipiki zote.

5. Fyuzi. Mara nyingi iko karibu na betri. Kama kiwaya chake cha ndani kimekatika, fyuzi imeungua. Pikipiki nyingine hapo haiwaki kabisa. Nyingine huwaka kwa kiki, lakini taa na honi hazifanyi kazi. Weka fyuzi mpya yenye namba ile ile. Usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya! Fyuzi ni mlinzi. Huungua yeye ili nyaya zisiungue. Ukimwondoa mlinzi, moto unaweza kufika kwenye tangi la petroli. Fyuzi mpya nayo ikiungua, jua bado kuna waya unaogusa chuma.

6. Plagi. Rudisha waya wa betri, fungua ufunguo. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake. Chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na tundu ulikoitoa. Shika kofia ya mpira, usishike chuma. Mwenzako apige kiki. Ukiona cheche ya bluu, umeme unafika. Usipoiona, kazi hiyo ni ya fundi.

IMEWAKA. JE, TUMEMALIZA?

Bado. Pikipiki iliyofungwa nyaya bila swichi inawashwa na mtu yeyote. Mwizi wa jana akirudi leo, hahitaji tena bisibisi. Tena nyaya zilizosokotwa hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Injini inaweza kuzima mlimani, au taa zikafa usiku ukiwa umebeba mama mjamzito. Nunua swichi mpya, pamoja na kufuli la usukani kama nalo limevunjika. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko mguu uliovunjika.

Usiku, funga gurudumu kwa mnyororo kwenye nguzo imara. Ukiilaza pikipiki ndani, iwe mbali na jiko na taa ya moto.

TUJADILI: Katika kitongoji chetu, pikipiki hulala wapi? Nani husikia mwizi akija?