Muuza madafu wa Boko, angalia mwezi kabla ya kununua barafu

Jumatatu ya Machi 31, 2025, ilikuwa Idi el Fitri. Kama zilivyofanya familia nyingi za Boko, nasi tulifungasha pilau, tukapakia watoto kwenye bajaji na kushuka Ununio kupunga upepo. Tulifika kwenye saa 4 asubuhi. Bahari haikuwepo. Watoto walikuta mchanga mtupu, mwani na ngalawa zilizolala ubavu, maji yakiwa mbali kabisa.

Pembeni tulimkuta mama mmoja, jirani yetu wa Boko Magengeni. Alikuwa na madafu, mihogo aliyoikaanga nyumbani alfajiri, na deli la soda na maji lililojaa barafu. Wateja walikuwa wachache. Ilipofika saa 8 mchana barafu ilikuwa imeyeyuka na mihogo imekakamaa. Watu walianza kumiminika saa 9, wakitaka kinywaji cha baridi ambacho hakuwa nacho tena. Alirudi nyumbani na karibu nusu ya mzigo, na sehemu ya mtaji ule ilikuwa fedha ya mchezo wa akina mama wenzake.

Ndugu msomaji, unaweza kusema mama yule alikosa bahati. Mimi nasema hasara ile ilionekana tangu mwezi ulipoandama. Idi el Fitri huja na mwezi mpya, na mwezi mpya huja na bamvua. Katika pwani yetu ya Dar es Salaam, siku za bamvua maji hukupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha hujaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Wavuvi wa Kunduchi wanayajua haya bila kalenda. Sisi tuliohamia Boko kutoka bara, na tuko wengi, hatuyajui.

Kwa hiyo sikukuu hiyo soko la ufukweni hufunguka alasiri. Anayekwenda saa 7 mchana na barafu mpya, akakaangia mihogo yake palepale, anamkuta mteja akiwa na njaa. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umenunua madafu 60 kwa shilingi 700 kila moja, ni shilingi 42,000. Bajaji kwenda na kurudi shilingi 8,000. Jumla 50,000. Ukiuza yote kwa shilingi 1,500 unapata 90,000, faida 40,000. Ukiuza 35 tu unapata 52,500. Umeshinda juani siku nzima kwa shilingi 2,500. Madafu yaliyobaki utayauza kesho, lakini mihogo iliyokwisha kukaangwa haina kesho.

Hapa niongeze neno kwa wazazi, ingawa si la biashara. Watoto hupenda kufuata maji yaliyokupwa hadi kwenye miamba. Bamvua likirudi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yao. Ikifika saa 8, waite warudi.

Idi el Haji ni hadithi nyingine. Huangukia mwezi 10, siku za maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haijai sana. Siku hiyo wateja huweza kukaa ufukweni tangu asubuhi, na mzigo unaweza kuugawa.

Jambo la pili ni mvua. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida. Idi el Fitri ya mwaka 2023 na ile ya 2024 zote ziliangukia Aprili, katikati ya masika, na hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayehitaji kukumbushwa mvua za Aprili 2024. Mwaka 2027 inatarajiwa karibu na Machi 10, na mwaka 2028 mwishoni mwa Februari, kutegemea mwandamo. Maana yake sikukuu hii inatoka kwenye masika na kuingia kwenye joto la kaskazi, wakati watu wana kiu na bahari haina fujo. Wakati huohuo Idi el Haji, iliyokuwa Juni mwaka 2025, inarudi Mei na kuingia kwenye masika. Aliyezoea kuweka fedha nyingi kwenye Idi kubwa na kidogo kwenye Idi ndogo afikirie kugeuza.

Mkulima naye ana hesabu yake. Matikiti huchukua siku 75 hadi 90 tangu kupandwa. Anayelenga Krismasi apande mwishoni mwa Septemba, na awe na maji ya kumwagilia. Anayelenga Idi ya mwisho wa Februari 2028 apande mwishoni mwa Novemba, akisaidiwa na vuli. Nanasi la Kiwangwa hushuka kwa wingi kwa barabara ya Bagamoyo kuelekea Krismasi, hivyo usitegemee bei nzuri ya tikiti dogo siku hizo.

Wafugaji wa kuku wa nyama, ambao Boko wamejaa karibu kila uani, wana tatizo lao. Kuku hukomaa wiki ya 5 hadi ya 6, basi kila mtu huingiza vifaranga siku moja ili vikomae siku ya Idi. Familia inayokwenda ufukweni hununua kuku siku moja au mbili kabla. Baada ya hapo bei hushuka huku kuku wakiendelea kula. Mwenye vifaranga 200 ni heri aingize 120 kwa sikukuu na 80 wiki mbili baadaye, kwa ajili ya mama lishe ambao huhitaji kuku mwaka mzima.

Si wote wanaokwenda Ununio. Wapo wanaovuka kwenda Mbudya, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Wapo wanaoelekea magofu ya Kaole, Bagamoyo, au kutembea kwenye msitu wa Pande. Hawa hununua maji, karanga na matunda kabla hawajafika, yaani barabarani kwetu, asubuhi mapema.

Kero iliyobaki ni njia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini kuta zimeshuka hadi mchangani, na hoteli moja ilitutoza fedha kwa sababu ya sufuria letu la pilau. Mwenye beseni la mihogo hapitishwi kabisa. Serikali za mitaa zikiamua kutunza hata vichochoro vichache vya kufikia maji, wachuuzi watakuwa na pa kupita.

Jirani yangu ameniomba nimwandikie tarehe za miandamo kwenye karatasi. Ameibandika ukutani, juu ya jiko la mkaa atakalolibeba Idi ijayo.