Mtihani huu ni wa shule au wa mwanafunzi?

Novemba 5, 2024, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani walikuwa na kazi zaidi ya kumchagua rais. Kwenye karatasi yao kulikuwa na swali ambalo kwa Mtanzania au Mkenya ni kioja: je, mwanafunzi wa sekondari ya serikali aendelee kulazimika kufaulu mtihani wa jimbo, uitwao MCAS, ndipo apewe cheti cha kuhitimu? Karibu asilimia 59 walisema hapana. Kwetu mambo ya alama hubaki kwa baraza la mitihani na wizara, na raia husubiri matokeo. Kule raia waliliondoa kwa kura sharti lililokuwapo tangu wahitimu wa mwaka 2003.

Aliyeisikia habari hiyo juujuu alidhani mtihani wenyewe umefutwa. Haukufutwa. Wanafunzi wa darasa la 10 wanaendelea kuufanya, Kiingereza, hisabati na sayansi, na matokeo yao yanaendelea kutangazwa shule kwa shule. Kilichoondoka ni nguvu ya mtihani huo ya kumnyima mtu cheti. Hapo ndipo penye fundo la mjadala wote wa mitihani sanifu katika sekondari za serikali za Marekani: karatasi ileile hutwishwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuipima shule. Ya pili ni kuamua hatima ya mtoto mmoja mmoja. Sisi tunaofanya kazi ya upimaji tunajua kwamba kazi hizo hazihitaji ushahidi wa uzito mmoja, na chombo kinachoifanya vizuri ya kwanza kinaweza kuwa kibovu kwa ya pili.

Tuanze na sheria. Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, kwa hiyo shule ni mamlaka ya majimbo. Serikali ya Washington huingilia kwa njia ya fedha, hasa tangu mwaka 1965, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya kuzisaidia shule zenye watoto maskini. Januari 2002 Rais George W. Bush aliifumua na kuiandika upya: jimbo likitaka fedha, liwapime wanafunzi wote kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja tena wakiwa sekondari. Sayansi nayo ikaongezwa, mara tatu katika maisha ya shule. Ukijumlisha, mtoto hufanya mitihani 17 ya sheria ya shirikisho kabla ya kumaliza darasa la 12. Mwaka 2015, chini ya Rais Barack Obama, adhabu nyingi kwa shule zilipunguzwa lakini mitihani ikabaki, pamoja na sharti kwamba asilimia 95 ya wanafunzi wapimwe.

Katika sheria hizo zote hakuna panaposema kwamba mwanafunzi akifeli anyimwe cheti. Anayetakiwa kujibu ni jimbo na shule.

Cheti chenyewe hupatikana kwa njia nyingine kabisa. Mhitimu wa kidato cha nne Tanzania hupewa cheti na Baraza la Mitihani, na alama zake zimo humo, nzuri au mbaya. Mwenzake wa Marekani hupewa na shule au wilaya yake ya elimu, baada ya kukusanya idadi ya masomo iliyowekwa: miaka kadhaa ya Kiingereza, kadhaa ya hisabati, historia na kadhalika, kwa alama alizopewa na walimu wake darasani. Jimbo linapoongeza mtihani wa lazima juu ya hapo, linaweka kufuli la pili kwenye mlango uleule. Mwanafunzi anaweza kufaulu kila somo kwa miaka minne, kisha akakwama kwa karatasi moja ya hisabati.

Kufuli hilo lilianza kuenea miaka ya 1970, watu walipolalamika kuwa wahitimu wa sekondari hawawezi kusoma maelekezo ya kazi wala kupiga hesabu ya duka. Florida ilikuwa miongoni mwa waliotangulia, na ndiyo iliyofikishwa mahakamani katika kesi inayojulikana kama Debra P. dhidi ya Turlington. Baada ya mtihani kufanywa mara tatu, takriban asilimia 20 ya wanafunzi weusi wa mwaka wa mwisho walikuwa bado hawajafaulu. Kwa weupe ilikuwa kama asilimia 2. Wengi wa weusi hao walianza shule za msingi zilizotengwa kwa rangi, zenye vitabu chakavu na majengo mabovu. Mwaka 1979 jaji wa shirikisho aliliahirisha sharti hilo kwa miaka minne. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ikaongeza jambo ambalo hadi leo halijapitwa: jimbo haliwezi kumnyima mtu cheti kwa mtihani mpaka lithibitishe kwamba yaliyoulizwa ndiyo yaliyofundishwa darasani. Haikutosha kuonyesha kuwa mada zimo kwenye muhtasari wa somo. Ilibidi kuonyesha kuwa zilimfikia mtoto. Florida ilikusanya ushahidi huo na mwishowe ikaruhusiwa kuendelea, lakini mzigo wa kuthibitisha ulishahama kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa serikali. Ningependa kuiona kanuni hiyo ikibandikwa kwenye ukuta wa kila baraza la mitihani, la kwetu pia.

Sasa tuingie jikoni, maana wasomaji wengi hawajawahi kuambiwa alama ya kufaulu hutoka wapi. Wengi hudhani imo ndani ya mtihani, kama vile asilimia 50 ni nusu basi ni haki. Ukweli ni kwamba hukadiriwa na watu. Njia inayotumika sana ina jina la William Angoff, aliyeieleza mwaka 1971. Walimu hukusanywa ukumbini, hupitishwa mtihani swali kwa swali, na huombwa wamfikirie mwanafunzi anayestahili kufaulu kwa shida, yule wa mwisho kuingia kabla mlango haujafungwa. Wanafunzi 100 wa aina yake, wangapi wangelipata swali hili? Mmoja husema 70, mwingine 45. Hubishana, huonyeshwa takwimu za majibu halisi, hukadiria tena. Makadirio yakijumlishwa na kutafutiwa wastani, alama ya mpaka inazaliwa. Kisha bodi ya elimu inaweza kuipandisha au kuishusha, na mara nyingi hufanya hivyo ikitazama idadi ya watakaofeli.

Massachusetts yenyewe ni mfano mzuri. Alama za MCAS huanzia 440 hadi 560, na 500 ndiyo huitwa kutimiza matarajio. Lakini kwa miaka kadhaa mpaka wa kupata cheti katika Kiingereza ulikuwa 472. Kwa hiyo jimbo lilikuwa likimwambia mtoto mmoja kwa pumzi moja kwamba hajatimiza matarajio na kwamba amefaulu. Hilo halikuwa kosa la hesabu. Lilikuwa uamuzi wa kisera kuhusu nani abaki nje.

Watanzania waliliona jambo hili kwa macho yao. Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, takriban watahiniwa sita kati ya kumi walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, serikali ikayafuta matokeo, na mwisho wa Mei yakatangazwa mengine yaliyo afadhali. Hakuna mtahiniwa aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Majibu yalikuwa yaleyale, kilichobadilika ni utaratibu wa kupanga madaraja.

Tatizo la pili ni kukosea kwa kipimo. Mwanafunzi akifanya mtihani leo, na wiki ijayo akafanya mwingine wa ugumu uleule, hatapata alama ileile. Safari hii ameamka na homa, safari ile ameotea maswali mawili akapatia. Ukiwa na wanafunzi 300 wa shule moja, makosa hayo hufutana: aliyebahatika hufidia aliyekosa bahati, na wastani wa shule husimama imara. Kwa mtoto mmoja hakuna wa kumfidia. Ndiyo sababu tathmini ya kitaifa ya Marekani, NAEP, inayofanyika tangu mwaka 1969, humpa kila mwanafunzi sehemu tu ya maswali na wala haitoi matokeo ya mtu binafsi. Kwa kupima mfumo hiyo inatosha. Kumfungia mtu mlango kwa kipimo cha namna hiyo hakuna mtaalamu angethubutu.

Je, kuna madhara halisi pale mpakani? Watafiti John Papay, Richard Murnane na John Willett walichunguza wanafunzi wa Massachusetts waliopita kwa chupuchupu na waliokosa kwa chupuchupu katika hisabati ya darasa la 10. Kielimu makundi hayo mawili hayana tofauti ya maana, maana swali moja tu linaweza kumhamisha mtu kutoka upande huu kwenda ule. Hata hivyo, kwa watoto maskini wa mijini, kuangukia upande wa kufeli kulipunguza uwezekano wa kuhitimu kwa wakati kwa pointi 8 za asilimia. Mtihani ungeweza kurudiwa, na wengi walirudia, lakini barua ya kwanza ya kushindwa ilikuwa imeshafanya kazi yake. Mwaka 2011 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti zilizokuwapo na kuhitimisha kwamba mitihani ya kuhitimu, kwa jinsi ilivyoendeshwa nchini humo, ilipunguza wahitimu kwa takriban pointi 2 za asilimia bila kuongeza ujuzi.

Majimbo yakaanza kurudi nyuma. California ilikuwa na mtihani wake, uliowabana wahitimu kuanzia mwaka 2006. Mwaka 2015 mkataba wa kuuendesha ulimalizika, duru ya Julai ikafutwa, na vijana waliobakiza karatasi hiyo tu wakajikuta hawana pa kuifanyia. Bunge la jimbo lililazimika kuwanusuru kwa sheria ya haraka, kisha likausimamisha mtihani wote na kuamuru vyeti vitolewe hata kwa waliokwama miaka ya nyuma. Watu walioishi kwa miaka mingi wakiitwa hawajahitimu waliambiwa, kwa sahihi moja ya gavana, kwamba walihitimu. Kutoka takriban nusu ya majimbo wakati wa kilele, yaliyobaki na sharti hilo sasa ni machache, yakiwemo Texas, Florida, Ohio, Virginia na New Jersey. New York, ambayo mitihani yake ya Regents ina mizizi katika karne ya 19, imetangaza mpango wa kuliondoa kuanzia mwaka wa masomo wa 2027/28.

Wanaotetea sharti hili hawatoki patupu, na sipendi wanapodharauliwa. Mtihani usipokuwa na uzito kwa mwanafunzi, kijana wa miaka 16 ana sababu gani ya kuhangaika nao? Atajaza majibu ovyo alale, na hapo hata kipimo cha shule kinaharibika. Wengine hawafiki kabisa: mwaka 2015 takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano wa darasa la 3 hadi la 8 New York alizuiwa na wazazi wake kufanya mitihani ya jimbo. Na bila mtihani wa pamoja, alama A ya wilaya tajiri na A ya wilaya maskini zinabaki bila kipimo cha kuzilinganisha, na anayeumia ni yule wa wilaya maskini anayeigundua tofauti akiwa chuoni. Majimbo kama Michigan na Colorado yamejaribu kukwepa tatizo la uvivu kwa kutumia SAT, mtihani wa kuingilia vyuo, kama kipimo chao cha sekondari, maana huo mwanafunzi anautaka mwenyewe. Ni ujanja mzuri, ila naona walakini. SAT iliundwa kubashiri nani atamudu chuo, si kuthibitisha kwamba mwalimu wa darasa la 10 alifundisha alichotakiwa. Hoja ya Debra P. inarudi palepale.

Pamoja na hayo, maoni yangu ni kwamba mtihani ubaki kwa ajili ya shule, na kwa mwanafunzi uwe ushahidi mmoja kati ya mingi. Texas yenye mitihani mitano ya lazima imekaribia hapo bila kukiri: tangu mwaka 2015, anayefeli isiyozidi miwili anaweza kupelekwa mbele ya kamati ya shule inayotazama kazi zake zote, na ikiridhika anahitimu.

Suala hili linawagusa moja kwa moja wazungumzaji wa Kiswahili, kwa kuwa familia kutoka Kongo na Burundi, nyingi zikiwa zimepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, zimehamishiwa katika majimbo kama Kentucky, Ohio na Texas. Kijana anaingia darasa la 10 akiwa na Kiswahili, Kifaransa kidogo na Kiingereza cha kubabaisha. Sheria ya shirikisho inaruhusu jimbo kumsamehe mtihani wa kusoma Kiingereza mara moja tu, katika miezi 12 ya mwanzo. Hisabati hasamehewi, na swali la hisabati lililoandikwa kwa aya nzima ya Kiingereza hupima lugha kabla halijapima hesabu. Juu ya hapo hufanya kila mwaka mtihani wa maendeleo ya Kiingereza, wa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Huo hauhusiani na mtihani wa kuhitimu, ingawa wazazi wengi huichanganya, na matokeo yake ndiyo huamua kama ataendelea kupata masomo ya ziada ya lugha.

Msaada upo, ila hauji wenyewe. Majimbo mengi huruhusu muda wa nyongeza na kamusi ya neno kwa neno isiyo na maelezo. New York huruhusu mkalimani asome kwa sauti tafsiri ya mitihani isiyo ya Kiingereza kwa lugha zisizo na toleo lililochapishwa. Mambo haya hupangwa kabla, na shule yenye wanafunzi wachache wa lugha fulani husahau kirahisi. Mzazi ana haki ya kumwuliza mshauri wa wanafunzi kila mtihani unaokuja unaamua nini: cheti, alama ya somo, au taarifa ya shule tu, na kama ni cheti, kuna njia gani nyingine jimboni humo. Taarifa za aina hiyo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, zinapaswa kutolewa, kadiri inavyowezekana, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa.