Kila Mtoto na Taulo Lake

Katika nyumba nyingi za Buha taulo ni moja tu, nalo hutundikwa nyuma ya mlango. Asubuhi ya baridi hapa Gwarama baba hujifutia uso, kisha mama, kisha watoto mmoja baada ya mwingine. Hatuoni neno, maana sisi ni jamaa moja. Walakini desturi hiyo yaweza kupeleka maradhi toka jicho hata jicho.

Ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope, huenezwa kwa mikono, kwa nzi, na kwa nguo zilizogusa macho ya mgonjwa. Mtu akiupata mara nyingi tangu utoto, kope zake hupinda zikaingia ndani na kukwaruza jicho, hata mwisho aweza kupofuka. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kongwa, katika mkoa wa Dodoma: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walionekana kuwa na ugonjwa mkali kwa uchache kuliko wenzao. Basi uso safi ni kinga; lakini yafaa nini kumnawisha mtoto vema, kisha kumfuta kwa taulo la watu wote?

Njia iliyo rahisi ni kugawanya taulo moja kubwa liwe vipande vinne, na kudarizi katika kila kipande alama ya mwenyewe. Ajuaye kusoma apewe herufi ya jina lake. Mtoto mdogo apewe picha, kama samaki, jani au nyota. Kazi hii yawezekana kwa cherehani cha kukanyaga kwa miguu, ukiyashika haya:

Kwanza, fua taulo jipya na kulianika, maana pamba hurudi. Uzi wa rangi nao uloweshe katika maji ya moto juu ya kitambaa cheupe. Ukitoa rangi, usiutumie.

Pili, darizi kabla ya kukata, kwa sababu kipande kidogo hakishikiki vema katika pete ya kudarizia. Weka alama karibu na pembe, wala si katikati, maana mahali palipodariziwa huwa pagumu na hapanyonyi maji.

Tatu, kumbuka kwamba taulo lina manyoya. Mistari myembamba huzama humo isionekane. Kwa hiyo chagua herufi nene na picha iliyojaa. Chini ya taulo tia kitambaa kigumu, kama kile kitiwacho ndani ya kola. Juu yake weka karatasi nyembamba iliyochorwa alama, nawe utaichana kazi ikiisha. Shona kwanza mishono michache ya rangi ya taulo ili kuyalaza manyoya, ndipo ujaze kwa rangi uipendayo.

Nne, ondoa mguu wa cherehani, na meno yanayosukuma nguo uyashushe au uyafunike. Tia sindano ya namba 14. Ijapokuwa mguu umeondolewa, teremsha mkono wake kabla ya kushona. Usipofanya hivyo uzi wa juu hautakazwa, nao utafungamana chini. Shika ncha za nyuzi zote mbili katika mishono ya kwanza. Kisha kanyaga kwa haraka, lakini pete uisogeze polepole; ukiivuta kwa nguvu sindano itavunjika. Vidole vikae ukingoni mwa pete, mbali na sindano.

Mwisho, kata vipande, kunja pindo na kuzishona, na tia kitanzi cha kutundikia. Kila taulo liwe na msumari wake, wala yasigusane. Yafuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Na mtoto mwenye macho mekundu yatokayo uchafu apelekwe zahanati; taulo halimponyi aliyekwisha kuugua.

Nanyi walimu, wafundisheni kazi hii wasichana na wavulana pia, maana kushona ni kazi ya heshima kwa wote. Tena waelezeni sababu yake, wasije wakadhani ya kwamba alama ni pambo tu. Mtoto ajuaye kwa nini taulo lenye samaki ni lake hatalitwaa lenye nyota, na hivyo atakuwa mlinzi wa macho ya ndugu yake.