MAJI YA SHENGENA YANAFIKA BAHARINI

Simama Ndungu asubuhi, tazama milimani. Utaona wingu limekaa juu ya Shengena. Wingu hilo limetoka mbali. Limeletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Upepo ukigonga milima ya Upare hupanda juu, hupoa, na mvua hunyesha. Upande wa mashariki hupata mvua ya kutosha. Upande wa magharibi, yaani Same mjini, Makanya na Hedaru, hupata kidogo. Ndiyo maana huko unaona mkonge na miti ya miiba.

Kilele cha Shengena kina urefu wa mita 2,462. Msitu unaokizunguka unaitwa Chome. Humo mna mikulo, miti mikubwa ya mbao nzuri. Yumo pia ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye hapatikani popote duniani ila Upare Kusini. Lakini kwa mkulima kitu kikubwa ni yale majani yanayooza chini ya miti. Hunyonya mvua kama godoro. Kisha maji hutoka polepole kwenye chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Mtu akikata mkulo kwa siri, fedha yake huisha mapema. Mti mwingine kama huo hataukuta yeye, labda mjukuu wake.

Mto Yongoma hutoka milimani humo. Ukifika bondeni humwagilia mpunga wa Ndungu. Maji yanayobaki huingia mto Mkomazi, unaopita kati ya Upare na Usambara. Karibu na Korogwe, Mkomazi huingia mto Pangani. Pangani huzungusha mitambo ya umeme kwenye maporomoko yake, kisha humwaga maji baharini penye mikoko. Mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini, yakadhuru mashamba ya wenzetu wa pwani.

Je, wazee wetu walifanyaje? Walichimba ndiva. Usiku maji ya mfereji hujaza ndiva. Asubuhi hufunguliwa, na kila mkulima humwagilia kwa zamu. Ndiva ina adui mmoja: tope.

Hapa nakiri kosa langu. Nilipokuwa bwana shamba mgeni, niliwashauri wakulima fulani walime maharage kando kabisa ya kijito, ili wasichoke kubeba maji. Maharage yalistawi. Mvua za masika zilipokuja, udongo wote ulishuka kwenye ndiva iliyokuwa chini. Mzee mmoja aliniita, akanionyesha. Hakunigombeza.

Siku hizi Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pale kwetu tuliacha ukingo, tukapanda matete, na juu yake tukachimba makinga maji. Kabla ya hapo tulizoa tope siku tatu, kila nyumba mtu mmoja. Nami nilikuja na koleo langu.